Uhuru wa nishati Maine uanzie madirishani, na sisi waswahili tuwemo

Ikifika mwezi wa kumi hapa Maine malori ya mafuta yanaanza kuzunguka mitaani, dereva anashuka, anavuta mpira mpaka kwenye bomba lililotokeza ukutani, anajaza tangi la besimenti, anaacha bili mlangoni anaondoka, na watu wanaona hiyo ndo baridi ilivyo, hakuna la kufanya. Mi nakataa. Jimbo hili halina kisima cha mafuta hata kimoja wala kiwanda cha kuyasafisha, kila galoni inaletwa kutoka nje, na bado ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa kutegemea mafuta kupasha nyumba joto, kama nusu ya nyumba ziko hivyo. Nyumba ya kawaida inaweza kumaliza galoni 800 kwa mwaka. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine galoni moja ikapita dola 5, sasa piga hesabu mwenyewe hiyo ni dola ngapi kwa familia ambayo mama anafunga maboksi usiku na baba bado anasubiri kibali cha kazi.

Na usidhani aliyehamia kwenye umeme alipona. Ile bei ya umeme wenyewe, kabla hawajaongeza ya kuusafirisha, kwa wateja wa kawaida wa CMP, kampuni kubwa ya umeme hapa, ilikuwa senti 6 na kitu kwa uniti mwaka 2021, kufika 2023 ni senti 17 na kitu. Karibu mara tatu! Sababu ni kwamba ukanda huu wote wa New England unazalisha umeme mwingi kwa gesi, kwahiyo vita ikianza mbali huko gesi ikapanda, mtu wa Lewiston anayepika ugali wake kwenye jiko la umeme anailipia.

Wenyeji hawajalala, tuseme ukweli. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilipitisha sheria kabisa, kwamba matumizi ya mafuta yapungue asilimia 30 ifikapo 2030 na asilimia 50 ifikapo 2050, ukilinganisha na yalivyokuwa 2007. Sheria nzuri sana. Ila sheria haiji nyumbani kwako kuziba upenyo wa dirisha, lazima aje mtu, na hapo ndo naingia kwenye hoja yangu: anayetaka kukusanya watu wa kujitolea ili jimbo lijitegemee kwa nishati aanze kwa kuwapa kazi ya mikono ndani ya nyumba za majirani zao, halafu mikutano na saini na kura vije nyuma ya hiyo kazi. Wengi wanaanzia upande wa pili na ndo maana wanachoka.

Mfano mimi naupenda kuliko yote ni kikundi cha WindowDressers. Walianza 2010 mjini Rockland, kanisani tu, watu wa kanisa waliona baridi inaingia kwenye madirisha makubwa ya jengo lao wakatengeneza vizibo vya kuweka kwa ndani, ikafanya kazi, wakaanza kutengenezea na nyumba za watu. Kitu chenyewe ni rahisi mno. Fremu ya mbao ya msonobari, plastiki nyembamba inayopitisha mwanga unaibandika pande zote mbili ili katikati ibaki hewa, unaipuliza kwa mashine ya hewa ya moto inakaza kama ngozi ya ngoma, halafu unazungushia sponji pembeni ili ikiingia dirishani ikae imebana. Hakuna msumari, hakuna skrubu. Unaiweka mwezi wa kumi au kumi na moja, unaitoa joto likirudi, unaihifadhi, na inadumu miaka kadhaa.

Ila kinachonivutia zaidi ni wanavyopanga watu. Masika na kiangazi watu wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba wanapima madirisha, na hapo lazima uwe makini kwelikweli maana ukikosea kidogo tu kizibo hakiingii. Vuli inapofika mji unatafuta ukumbi, wa kanisa, wa shule, wa zimamoto, popote, meza zinapangwa, kila meza na kazi yake, huyu anaunganisha fremu, huyu anabandika gundi ya utepe, huyu plastiki, huyu sponji, na mwenye nyumba anayetengenezewa anaombwa aje naye afanye shifti moja ya masaa manne. Chakula kinaletwa na majirani. Mwenye uwezo analipia gharama ya vifaa, mwenye kipato kidogo anapewa bila kulipa. Utaratibu huo umeshasambaa jimbo zima na umevuka mpaka kwenda Vermont na New Hampshire.

Angalia akili iliyomo humo. Shifti ina mwanzo na mwisho, kwahiyo mtu mwenye watoto anajua anatoka saa ngapi. Kazi yake anaiona kwa macho siku hiyohiyo. Aliyesaidiwa ndo huyo huyo anayesaidia, hakuna anayejiona ombaomba. Na mtu akishakaa masaa manne na jirani ambaye hajawahi kumsalimia, wakashika fremu huku na huku, wakala supu pamoja, hapo sasa unaweza kumwambia kuhusu sheria ya 2011 na kuhusu sola na upepo na atakusikiliza kwa sababu ameshakuamini.

Sasa linganisha na kile kilichotokea mwezi wa kumi na moja 2023. Kulikuwa na Swali la 3 kwenye kura, wananchi wachukue mitandao ya umeme ya makampuni mawili, CMP na Versant, iwe ya umma, iitwe Pine Tree Power. CMP ni ya Avangrid ambayo iko chini ya Iberdrola ya Hispania, na Versant ni ya ENMAX ambayo mwenye mali ni jiji la Calgary huko Kanada, yaani hata waya unaoleta umeme nyumbani kwako mwenyewe yuko nje. Watu wa kujitolea walisimama masokoni na mbele ya vituo vya kura kukusanya saini, kazi ya kuvunja mgongo, na saini zikatosha. Kisha upande wa makampuni ukatumia karibu dola milioni 40, upande wa wananchi walikuwa na sehemu ndogo sana ya hiyo, na asilimia 70 hivi ya wapiga kura wakasema hapana.

Pesa ilifanya kazi yake, sikatai, matangazo yalikuwa kila mahali hadi kwenye video za watoto. Lakini mi naona kuna kitu kingine. Watu wa kujitolea walifika mlangoni na jambo kubwa la mabilioni na la miaka mingi mahakamani, na mwenye nyumba alikuwa na swali moja tu, bili yangu itashuka lini, na jibu halikuwepo la kushika mkononi. Siku hiyohiyo Swali la 2, la kuzuia pesa za serikali za nje kwenye kampeni za kura kama hizi, lilipita kwa asilimia 86, ingawa baadaye lilipingwa mahakamani. Kwahiyo hao hao waliokataa wanachukia kuendeshwa kutoka nje! Hamu ya kujitegemea ipo kubwa sana Maine. Kilichokosekana ni miaka ya kuonana kabla ya kuombana kura.

Vinalhaven na North Haven ndo walifanya vizuri hili. Visiwa viwili baharini, umeme wao unaletwa kwa kebo chini ya maji, bei ilikuwa juu sana, na wana ushirika wao wenyewe wa umeme tangu zamani. Mwaka 2008 walipiga kura kuhusu kusimamisha mitambo ya upepo, 382 wakakubali na 5 wakakataa. Umesoma vizuri, 5. Mwishoni mwa 2009 mitambo mitatu ya megawati 1.5 kila mmoja ilikuwa inazunguka. Kura kama hiyo haipatikani kwa vipeperushi, inapatikana kwa watu wanaojuana, ambao wameshakaa vikao vya ushirika miaka na miaka. Haikuwa bila maumivu pia, waliokuwa wanaishi karibu na mitambo walilalamikia kelele na mgogoro ukaenda mbali, na kwa maoni yangu hapo palihitaji watu wa kujitolea wa kukaa na hizo familia chache mapema kabisa, kabla nguzo hazijasimama, maana wengi wakishinda kwa 382 ni rahisi kusahau wanaolala chini ya mtambo.

Haya, sasa turudi kwetu. Portland na Lewiston kumejaa Kiswahili siku hizi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, ndugu zetu wa Kibantu kutoka Somalia, kiangazi cha 2019 mamia ya watu wengi wao kutoka Kongo na Angola walilala kwenye ukumbi wa Expo pale Portland, na leo wengi wao ni majirani zetu wa kudumu. Tunaishi kwenye zile nyumba za mbao za ghorofa tatu za enzi za viwanda vya nguo, madirisha yamelegea, pazia linacheza wakati dirisha limefungwa. Sisi ndo tunaumia zaidi na baridi na sisi ndo hatuonekani kwenye hivi vikundi. Hilo linanikera, na silaumu upande mmoja. Matangazo yanatoka kwa Kiingereza kwenye barua pepe, wakati mama wa Kiswahili anasikiliza ujumbe wa sauti WhatsApp na matangazo baada ya ibada. Na sisi nao tunaona ni mambo ya wazungu wazee.

Kuna kitu kimoja waratibu lazima wakijue, na nakisema kwa uzito. Saini za kupeleka hoja kwenye kura hapa Maine zinawekwa na wapiga kura walioandikishwa tu, na asiye raia haruhusiwi kupiga kura ya jimbo. Mtu anayesubiri kesi ya hifadhi akisaini karatasi ambayo hakuielewa, au akajiandikisha kupiga kura kwa kudhani ni wema, anaweza kujiharibia kesi yake yote. Nimewaona vijana wenye nia njema kabisa wakimpa kila anayepita karatasi asaini bila kumuuliza kitu. Acheni hiyo, ulizeni kwanza, na kama mtu anasita msimsukume. Sasa linganisha na ukumbi wa vizibo vya madirisha, pale haulizwi mtu uraia, fremu haijui wewe ni nani, ndo maana nasisitiza kwamba kazi ya mikono ndo mlango ambao sote tunaweza kupita.

Tena tuna mafundi. Kuna watu wamekuwa maseremala Bukavu au Bujumbura miaka 20 na hapa wamekaa bure wakisubiri kibali, mpe huyo meza ya fremu na utaona kasi. Kufanya kazi pamoja nako si jambo la kutufundisha, Mnyarwanda anajua umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ila tahadhari, Mkongo mtu mzima anaikumbuka Salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya lazima, kwahiyo usije ukasema "ni wajibu wenu", sema njoo kama una nafasi, na ukisema masaa manne iwe manne kweli. Na kujitolea kusigeuzwe kuwa njia ya kupata vibarua wa bure wa kila wiki, mtu akija mara nyingi hivyo msaidieni apate cheti au barua ya kumtambulisha atakapopata kibali.

Ishu ya wapangaji nayo ipangwe mapema. Kizibo kinatengenezwa kwa kipimo cha dirisha lako tu, ukihama hakikufai, kwahiyo kupima apartimenti moja moja ni kupoteza nguvu. Waendeni wenye nyumba, mpime jengo zima. Kama joto limo ndani ya kodi basi mwenye nyumba ndo anayeokoa mafuta na yeye ndo alipie vifaa, sioni kwanini mpangaji wa kipato kidogo ahesabiwe kwenye mfuko wa msaada wakati faida inaenda kwingine. Kama mpangaji analipa joto mwenyewe, hapo sawa.

Na ukishaingia ndani kupima dirisha unaona mengine, unajua kama familia imeomba ule msaada wa mafuta unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, au ilikwama kwenye fomu, unajua kama wanajua kwamba Efficiency Maine, taasisi ya kuokoa nishati, inarudisha pesa kubwa zaidi kwa wenye kipato kidogo wakinunua hiti pampu, ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto. Jimbo lilijiwekea lengo la hiti pampu 100,000 kufikia 2025 na likalifikisha 2023, miaka miwili kabla, likaongeza lengo jingine la 175,000 kufikia 2027. Safi sana, lakini hiti pampu kwenye nyumba inayovuja inahangaika tu, inakula umeme, na umeme wetu bado unafuata bei ya gesi kama nilivyosema. Ziba kwanza.

Kwahiyo mahitaji ya msimu ujao ni haya: watu wa kutafsiri wakati wa kupima, wawili wawili, na mmoja awe mwanamke maana kuna nyumba nyingi mchana mama yuko peke yake na watoto na hatafungulia mwanaume mgeni. Mtu mwenye gari la kuchukua watu, basi za Lewiston haziwezi kumfikisha kila mtu ukumbini. Mtu wa kukaa na watoto pembeni ya ukumbi. Wapishi, na tafadhali chakula cha halali kiwe na meza yake na alama yake. Wachungaji na maimamu, tangazo lenu la dakika moja linatosha. Kupima kunaanza masika, kwahiyo majina ya majengo yakusanywe sasa hivi wakati watu bado wanaisikia baridi vidoleni, ukisubiri mwezi wa saba hakuna atakayekumbuka dirisha.