Amplifaya Yangu Haikutaka Magurudumu, Ilitaka Msumeno

Kila aliyewahi kunisaidia kupandisha amplifaya yangu ngazini, nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, ameniachia ushauri ule ule: tia magurudumu. Mke wangu kasema. Hamali wa kivukoni kasema. Mpiga besi wetu kasema mara tatu, naye sijawahi kumwona akishika upande wa pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo ilivyo.

Basi nikatia. Manne, ya mpira, ya inchi mbili, yakakazwa kwa skrubu chini ya boksi na fundi mmoja wa Majengo. Nilikaa nayo miezi minne. Leo nayasema.

Kwanza mjue nabeba nini. Mimi napiga gitaa la stili. Si lile la kukumbatia. Hili hulazwa juu ya miguu minne kama meza ya kupigia pasi, nyuzi 10, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma, miguu inakanyaga pedali, na magoti nayo yana kazi yake huko chini. Asili ya mtindo huu ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19. Umeme ulitiwa miaka ya 1930, pedali zikaja baadaye, na watu wa muziki wa kantri kule Nashville, Marekani, wakalifunza kulia. Ukitaka kulisikia likisema Kiafrika, msikilize Demola Adepoju alipokuwa akipiga na King Sunny Adé wa Nijeria. Hapa pwani tunaolipiga twahesabika kwa vidole, na riziki yetu iko kwenye hoteli za Diani, usiku wa kantri, ambapo Wakenya waliokuja likizo huimba kuwashinda Wazungu.

Chombo hiki hakitaki amplifaya ndogo. Mpiga gitaa la kawaida hufurahi amplifaya ikikwaruza kidogo. Sisi twataka sauti safi mpaka mwisho. Halafu mguu wa kulia haubanduki kwenye pedali ya sauti. Unapopiga uzi, pedali iko katikati. Sauti ikianza kufifia unakanyaga taratibu, ili masikioni noti isiteremke. Kwa hiyo amplifaya lazima iwe na akiba kubwa ambayo mara nyingi haitumiki, kama tangi la maji juu ya paa. Ndiyo maana wapiga stili wamezoea mashine za wati 200 zenye spika moja ya inchi 15, au Fender Twin Reverb ya wati 85 na spika zake mbili za inchi 12, ambayo peke yake inakaribia kilo 29.

Yangu ni ya transista, imetoka Marekani, wati 200. Niliipeleka kwa jirani muuza viazi tuipime. Mizani ikasema kilo 31. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja akauliza inauzwaje kwa kilo.

Na hapo sijataja transfoma ya kushushia umeme. Amplifaya ilizaliwa kwenye volti 120 na ukutani kwetu ni 240, kwa hiyo kwa miaka sita mkono wangu wa pili ulikuwa na kisanduku cha chuma cha kilo 9 ambacho hakipigi hata noti moja.

Sasa njia yenyewe. Nyumbani ni ghorofa ya pili, ngazi za mawe, upana wa mtu mmoja na ushee. Huko gurudumu ni uzito juu ya uzito. Chini ni uchochoro wa kabro. Gurudumu dogo juu ya kabro linapiga kelele kama behewa, na mtikiso wote unapanda ndani ya boksi. Katika ile miezi minne, lehemu za soketi ya kuingizia waya zilipasuka, na springi za mwangwi zikachomoka upande mmoja. Kisha feri ya Likoni. Maji yakijaa, mteremko wa kuingilia ni wa kistaarabu. Maji yakipwa, mteremko unasimama, nawe uko katikati ya umati usiosimama, na kilo 31 zenye magurudumu na zisizo na breki. Jioni moja ilinitoka mkononi. Haikufika mbali. Ilikomea kwenye kisigino cha mama aliyebeba beseni la mahamri. Maneno aliyonipa siyaandiki hapa. Nilinunua beseni zima, na bendi ikala mahamri mpaka usiku wa manane. Na ukishavuka, ukapanda matatu ya Ukunda, ukashuka, ukafika, jukwaa liko ufuoni. Mchanga. Hapo gurudumu la inchi mbili linageuka nanga.

Sisemi magurudumu ni haramu. Kama gari lako linafika mlangoni, na sakafu ni ya vigae mpaka jukwaani, tia, hongera; siku hizi wenye magari wanazunguka zao kwa barabara ya Dongo Kundu wala hawaioni feri. Lakini gurudumu halipunguzi hata gramu moja. Mtu anayebeba kwa mikono yake anapaswa kuuliza swali jingine: uzito huu unakaa wapi?

Nilimpelekea fundi wa redio Mwembe Tayari, mzee wa makamo asiyependa haraka. Alichomoa plagi, akafungua mgongo wa amplifaya, halafu akaagiza kahawa. Nikamuuliza twangoja nini.

“Twangoja kapasita zife, mwanangu. Umeme ukitoka ukutani haujatoka humu.”

Alipomaliza kikombe alipima kwa mita, akazimaliza kabisa kwa rezista, akapima tena. Ndipo akatia mkono. Nalieleza hili kwa sababu najua kuna atakayesoma na kukimbilia bisibisi. Tulia. Mpe mwenye mita.

Tulipima kipande kwa kipande. Boksi tupu, kilo 13. Spika, kilo 8 na nusu. Chasisi, ile fremu ya chuma yenye mitambo, pamoja na transfoma yake, kilo 9 na nusu. Mimi miaka yote nilidhani chuma ndicho kinachonivunja mgongo, kumbe mzigo mkubwa kuliko wote ni mbao. Tena si mbao hasa: ni chipubodi ya milimita 18, ile ya vumbi la mbao na gundi, ambayo kwa unyevu wetu ilikuwa imefura pembeni kama mkate uliotiwa chai.

Kilo za kwanza kutoka hazikuwa hata ndani ya boksi. Fundi aliona transfoma ya amplifaya ina nyaya nne upande wa kuingizia umeme, maana yake ina misokoto miwili, kila mmoja wa volti 120. Kiwandani ilikuwa imeungwa sambamba. Ukiiunga ikafuatana, mmoja nyuma ya mwingine, inapokea 240 moja kwa moja. Kibandiko kilisema hezi 50/60, basi na umeme wetu wa hezi 50 haina neno. Akageuza waya, akahakikisha mwelekeo kwa sababu ukikosea unaunguza, akabadilisha fuzi ikawa ya nusu ya ampea za mwanzo. Haikuchukua saa. Kile kisanduku cha kilo 9 nilikiacha pale pale. Sasa amekiwekea redio juu. Si kila transfoma ina misokoto miwili, lakini miaka sita hakuna aliyeniambia hata niangalie, na hilo ndilo lililoniuma.

Spika ilikuwa suala la fedha. Sumaku za spika nyingi ni za feriti, kile kidonge cheusi cha ukubwa wa sahani. Tangu 1984 dunia ina sumaku za neodimiamu, ambazo kipande kidogo tu kinafanya kazi ya sahani nzima. Spika ya inchi 15 yenye sumaku hiyo niliyoagiza ina kilo 3 na nusu, na bei yake ilizidi ile niliyonunulia amplifaya yote. Ina udhaifu wake: haipendi joto kali, na isipopakwa nikeli vizuri inashika kutu, jambo ambalo kwa hewa yetu ya chumvi si la kupuuza. Ukinunua, usitazame wati tu. Tazama desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika inayotoa desibeli 3 zaidi kwa wati ile ile moja ni sawa na kuiongezea amplifaya yako nguvu maradufu, bila kuongeza kilo.

Ikabaki boksi. Seremala alinishauri mvule. “Litadumu mpaka kwa wajukuu,” akasema, nami nikamweleza kuwa wajukuu nao wana migongo. Tukakubaliana plaiwudi ya milimita 12, na kwa kuwa ubao mwembamba hutetema, akapitisha mataruma mawili kwa ndani, moja nyuma na moja ubavuni. Na hapa ndipo msumeno ulipofanya kazi niliyoitaka: hatukujenga boksi moja, tulijenga mawili. Kichwa, yaani ile mitambo, peke yake, spika peke yake. Boksi la spika likatoka kilo 10 na nusu, kichwa kilo 12. Jumla 22 na nusu, lakini jumla si hoja. Kilo 31 kwa mkono mmoja zinakupinda kama upinde. 12 kulia na 10 na nusu kushoto unatembea wima, na ngazini unapita uso mbele, si ubavu ubavu kama kaa.

Waya wa kuunganisha kichwa na spika uwe mnene, wa spika, si ule wa gitaa. Na kama amplifaya yako ni ya valvu, zile taa za kioo za kizamani, si ya transista kama yangu, usiiwashe hata mara moja kabla ya kuchomeka spika, transfoma ya kutolea sauti itaungua.

Mpiga besi anasema sauti imepungua uzito. Nusu ni kweli. Boksi ni sehemu ya sauti, na hili jipya lina besi kavu zaidi. Nimesogeza kitufe cha besi kidogo, basi. Nusu nyingine anasikiliza kwa macho.

Yuko atakayeniuliza kwa nini nisinunue mpya, nyepesi, nikapumzika. Zipo. Fender walitoa Twin ya kidijitali mwaka 2019, ya kama kilo 15, na ziko nyingine zenye pawa saplai ya kisasa ambayo transfoma yake inaenea kiganjani. Nimezisikia, ni nzuri. Lakini humo ndani vipande ni vidogo kama punje za ufuta, na ikifa, fundi wangu hana la kufanya ila kukupa pole. Utaagiza bodi nzima kutoka ng'ambo na kungoja. Yangu hii ikizima Ijumaa asubuhi, Ijumaa jioni inalia Diani. Kwa sifa hiyo ninakubali kubeba kilo 7 na ushee za ziada.

Ijumaa iliyopita nilifika kivukoni, kichwa mkono huu, spika mkono huu, na stili ndani ya kasha lake mgongoni. Kijana wa mkokoteni, aliyezoea shilingi 150 zangu kila wiki, alinitazama mpaka nikampita.

“Ami,” akaniita, “leo huendi kazini?”

Nikarudi, nikamvulia kasha la stili. Hilo bado sijalipatia msumeno.