Mazishi ya Nnu Ego na deni la miaka mitatu

Kila inapotajwa riwaya ya Buchi Emecheta ya mwaka 1979, The Joys of Motherhood, hakosekani wa kusema kwamba huyu Mnigeria aliyeishi London aliwaandikia Wazungu, akautukana uzazi wa Kiafrika. Jina lenyewe, raha za kuwa mama, ni kejeli, na wapo ambao hawajamsamehe kejeli hiyo. Naona wanamsoma vibaya, ingawa hoja yao si ya kutupwa.

Heshima ya mama katika riwaya zetu si pambo. Waliosoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya maarufu ya Achebe, watakumbuka mzee Uchendu akimbana mpwa wake Okonkwo, aliyekimbilia Mbanta, kijiji cha mama yake: mtoto ni wa baba, basi mbona tunawaita binti zetu Nneka, yaani mama ni mkuu? Shujaa hana jibu. Mzee anamweleza kwamba mtoto akichapwa na baba hukimbilia kibandani kwa mama. Camara Laye wa Guinea naye, katika L'Enfant noir ya 1953, simulizi la utoto wake, anamwonyesha mama yake akimwamuru farasi aliyegoma kuinuka, na farasi akanyanyuka. Huyo si mama wa kuonewa huruma.

Lakini tazama anayetoa heshima ni nani. Laye ni mwana wa kiume aliyeandika akiwa Ufaransa, amemkumbuka mama kwa mbali. Mama anayetukuzwa na Uchendu amekwisha kuzikwa. Aliye hai, anayezaa, ni Ekwefi, mke wa Okonkwo, na Achebe hakumficha: amezaa kumi, tisa wamekufa wachanga. Mmoja alimwita Onwumbiko, "kifo, nakusihi". Aliyefuata akamwita Ozoemena, "yasitokee tena". Baadaye akaja Onwuma, "kifo na kifanye kitakavyo". Kifo kikafanya. Majina matatu tu, na unaona mwanamke anavyotoka kwenye kuomba hadi kwenye kususa.

Emecheta anaanzia hapo. Nnu Ego, mhusika wake mkuu, binti wa kijiji cha Ibuza aliyeolewa Lagos, anafiwa na kichanga chake cha kwanza na kukimbilia darajani ajirushe. Watu wanamzonga, wanamlaumu, mpaka waambiwe kwamba aliyefariki ndiye mtoto aliyekuwa ushahidi kuwa yeye si tasa. Basi wote wanaelewa. Hakuna anayeona ajabu. Baadaye anazaa wengi, anauza sigara na viberiti, anauza kuni, na binti zake wanaacha shule ili kaka zao wasome. Mwanawe Oshia anakwenda Marekani, mwingine, Adim, anakwenda Kanada. Anasubiri habari zao mwezi baada ya mwezi, asipate. Hata ndoa ya Oshia anaisikia kwa uvumi. Usiku mmoja anakufa peke yake kando ya njia.

Ndipo watoto wanakuja kumzika. Ibuza haijapata kuona mazishi ya gharama na kelele kama yale, na Emecheta anatupa hesabu moja ambayo siwezi kuipita: Oshia alitumia miaka mitatu kulipa fedha alizokopa ili dunia imwone kuwa ni mwana mwema. Miaka mitatu! Angekuwa tajiri tungesema alitoa cha ziada. Angekuwa bahili asingekopa. Alikopa kwa sababu deni la mama aliyekufa lina mashahidi, kijiji kizima kinatazama na kuhesabu. Barua ya ukurasa mmoja kwa mama aliye hai haina shahidi hata mmoja. Heshima ilikuwepo, tena ya kutosha kumtia mtu madeni. Ila ilifika baada ya mwenyewe kuondoka.

Kwa hiyo sioni wapi Emecheta anagombana na uzazi. Alilea watoto watano London, nao ndio aliowatabarukia riwaya yake Second-Class Citizen ya 1974, akisema bila kelele zao tamu kitabu kisingeandikwa. Anayechukia kuwa mama haandiki hivyo. Anachogombea ni malipo.

Wapinzani wake nawakubalia jambo moja: riwaya hii ina uchache wa kicheko. Adaku, mke mwenza mwenye mabinti watupu, anaondoka, anajitafutia riziki na kuwapeleka wanawe shule, kisha Emecheta anamwacha njiani kana kwamba hana haja naye. Wengi humpendelea Mariama Bâ wa Senegal, ambaye riwaya yake Barua Ndefu Kama Hii ilitoka kwa Kifaransa mwaka uleule. Ramatoulaye, msimulizi wake, ana watoto kumi na wawili na amechoka; bado binti yake anapopata mimba nje ya ndoa, anamkumbatia huku moyo ukimuuma. Hapo mzigo na heshima vimekaa mkeka mmoja. Tusisahau tu kwamba Ramatoulaye ni mwalimu, ana mshahara wake. Nnu Ego alikuwa na wanawe tu.

Baada ya mazishi wakamjengea mahali pa tambiko, wajukuu wasiopata mtoto waende kumwomba. Wanaomwomba hawajibiwi. Watu wanashangaa: alitaka nini tena, mwanamke aliyezikwa vizuri vile na wanawe? Nao wanasubiri, kama yeye alivyosubiri habari kutoka Marekani.