Fildi ya nyumbani ina bumu, ya huku ina kazi

Wadogo zangu mnaniuliza fildi, yaani mafunzo ya kazi ya mwanafunzi wa chuo, ni bora nyumbani Tanzania au huku Marekani. Juzi mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma Kiingereza na isimu, kanitumia picha ya daftari lake la fildi. Jumatatu: "Nilipokea barua na kuzipeleka kwa wahusika." Jumanne: "Nilipokea barua na kuzipeleka kwa wahusika." Jumatano kajitahidi kidogo: "Nilipokea nyaraka." Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mwaka 2011 niliandika sentensi hiyohiyo kwa wiki nane, katika masijala ya halmashauri moja ambayo siitaji.

Masijala ile naikumbuka kwa harufu, vumbi la majalada na gundi. Mama mkuu wa masijala alinikaribisha vizuri, akaniuliza nasoma nini. Nikamjibu Kiingereza. "Ahaa, kumbe wewe ni mwalimu." Nikamwambia hapana mama, siyo ualimu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeshushwa kituo siyo chake, halafu akanikabidhi mhuri. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, akanywa soda, akasaini, akaondoka. Nilipata B+ ya kugonga mihuri.

Ila nisiwe mwizi wa fadhila. Fildi ile nilipewa. Chuo kiliandika barua, halmashauri ikapokea, Bodi ya Mikopo ikatoa bumu la fildi, yaani posho ya mkopo, shilingi elfu kumi kwa siku enzi zetu. Ilitosha nauli, chipsi mayai, na kabaki kidogo ka kumtumia bibi. Ni kweli watoto wa wakubwa vimemo viliwapeleka kwenye ofisi za viyoyozi, lakini hakuna aliyekosa fildi kwa sababu baba yake ni mkulima. Uzito wa jambo hilo niliujua nilipofika huku Minnesota, Marekani, kusoma shahada ya uzamili.

Huku Kiingereza ni lugha ya muuza mitumba na ya dereva wa basi, kwa hiyo kukisoma chuoni hakumshtui mtu. Swali la yule mama wa masijala wanaulizwa hata wao: utafanya nacho nini? Tofauti ni kwamba jibu mtu analisaka mwenyewe. Hakuna barua ya "To whom it may concern" yenye mhuri wa mkuu wa idara. Unaandika wasifu, unaandika barua ya maombi, unatuma thelathini, wanakujibu wawili, na mmoja kati yao anakujibu kwamba nafasi imejaa.

Mimi nilipata shirika dogo la uchapishaji vitabu mjini Minneapolis, mji ambao una wachapishaji kadhaa wa fasihi wasiofanya biashara ya faida. Kila asubuhi nilikuta rundo la miswada iliyotumwa na watu wasiojulikana. Kazi yangu: soma kurasa ishirini, andika nusu ukurasa. Kitabu kinahusu nini, kinatembea au kimekwama, kimekwamia wapi. Ripoti yangu ya kwanza niliiandika kama mtihani wa chuo, nadharia juu ya nadharia. Mhariri, mama wa miaka sitini hivi, aliikata yote kwa kalamu ya risasi akaacha sentensi moja: "Kuanzia ukurasa wa tisa nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki." Pembeni akaandika, "Hii ndiyo ripoti." Kwa miezi mitatu nilijifunza kusoma kuliko miaka yote niliyokaa darasani, na simwambii mtu hivyo kwa kutia chumvi.

Sasa njoo kwenye fedha, maana hapo ndipo wabongo wengi tunadanganyana. Sikulipwa hata senti. Na si hivyo tu: ili kazi ile ihesabike kwenye masomo yangu, nililipa ada ya krediti tatu. Soma tena. Nililipa ili nifanye kazi. Bila kibali maalumu, viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi ya kulipwa ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo asubuhi nilikuwa mhariri mtarajiwa na jioni nilikuwa naosha trei za kantini. Mwenzangu katika ofisi ileile alipangiwa nyumba na wazazi wake, na mama yake alisoma na mmoja wa wahariri. Nikasema kumbe! Nilidhani vimemo ni vyetu sisi.

Wao wenyewe wanalijua hili na wanaligombania. Tangu 2018 Wizara ya Kazi ya Marekani inatumia kipimo cha mambo saba kuamua kama kampuni inayotafuta faida inaweza kumweka mwanafunzi bila malipo, na kiini chake ni nani anafaidika zaidi. Hata Ikulu yao ilianza kuwalipa wanafunzi wake mwaka 2022 tu! Kwa mgeni kuna kikwazo kingine. Ukimaliza chuo unapewa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako, na ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 imekula kwako. Rafiki yangu Mkenya aliyesoma kompyuta aliongezewa miezi 24. Sisi wa Kiingereza hatuna nyongeza.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoniuliza kipi bora, jibu langu haliwafurahishi. Utaratibu wa nyumbani ni wa haki zaidi, kazi ya huku ni kazi zaidi. Kinachoniuma ni kwamba kazi nyumbani ipo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, wakati hukumu za miaka mingi na sheria chungu nzima ziliandikwa kwa Kiingereza. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, watu wanashinda wanatafsiri. Magazeti yanahitaji wasomaji wa prufu. Halafu kijana aliyesoma lugha mbili mpaka mifupani tunampa mhuri.

Mpwa wangu nikamwambia aombe kuhamia mahakama ya wilaya, ipo ng'ambo ya barabara, amwambie karani atamsaidia kutafsiri bure. Na kama hawatampa, achukue barua moja kila siku pale masijala, ile iliyoandikwa vibaya kuliko zote, aiandike upya jioni kwa lugha zote mbili, anitumie.

Jana kanijibu. "Mjomba, karani amekubali nianze Alhamisi. Ila anataka barua nyingine ya chuo, na mkuu wa idara yuko safarini."

Chini yake kaambatisha barua ya mtu anayelalamikia mpaka wa shamba. Aya ya kwanza kaitafsiri vizuri. Ya pili kaiharibu, nimemrudishia.