Kuunganisha huduma za dimenshia sawa, ila saa nane usiku nani anapokea simu?

Siku hizi kila mpango wa kusaidia watu wenye dimenshia, yaani hali ya ubongo inayokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, unaimba wimbo mmoja, huduma ziunganishwe: kliniki, ustawi wa jamii, famasia, nyumba za ibada, vikundi vya familia, wote wakae pamoja wapange kwa ajili ya eneo lao. Mi niko upande huo, ila si mia kwa mia.

Mzigo wenyewe si mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu ya gharama yote ni jasho la ndugu wanaouguza nyumbani bila malipo, wastani wa saa 5 kwa siku, na wengi wao ni wanawake.

Sasa huduma zisipoongea zenyewe kwa zenyewe unakuta mambo kama haya: mzee anaanzishiwa donepezil ya kumbukumbu, dawa hiyo kwa baadhi ya watu inasumbua kibofu, basi haja ndogo inaanza kumtoka, binti yake anampeleka kliniki nyingine kabisa, huko anapewa oxybutynin ya kutuliza kibofu, na hiyo inafanya kazi kinyume na ile ya kwanza, akili inazidi kuyumba, af familia inaambiwa ndo ugonjwa umepanda. Hapo hakuna aliyezembea sana, kila mtu kaangalia kipande chake tu. Angekuwepo mtu mmoja anayejua dawa zote za huyo mzee, hiyo ishu ingeshtukiwa mapema.

Lakini wanaopinga nao wana hoja, tena nzito. Wanasema kuunganisha mara nyingi ni kubana matumizi kwa jina tamu, na ukiwaunganisha watu watatu ambao wote wameelemewa na kazi unapata vikao vingi, huduma ile ile. Uskoti waliahidi tangu 2013 kwamba kila anayegundulika atapata angalau mwaka mzima wa msaada na mtu maalumu wa kumfuatilia, ahadi safi kabisa, ila haijawafikia wote waliostahili, maana ahadi inataka watu wa kuitekeleza. Kuna na suala la faili la pamoja: mtu yuko hatua za mwanzo, bado yuko kazini, anaamua mwenyewe mambo yake, halafu habari zake zinasomwa na nusu ya eneo. Kwa unyanyapaa uliopo sio jambo la kupuuza, na cha ajabu yeye mwenyewe mara nyingi hata kikaoni haitwi, anaongelewa tu.

Hoja ya kwamba kuuguza ni jukumu la familia basi serikali ikae pembeni, hiyo siioni kama hoja. Familia tayari zinauguza! Swali ni nani anashika siku mgongo wa anayeuguza ukigoma.

Ndo maana kwangu mpangilio umekaa kichwa chini miguu juu. Wapangaji wanaanza na kamati, pumziko la walezi, yaani mgonjwa kupokelewa kwingine ili anayemuuguza apumzike, linawekwa mwishoni "bajeti ikiruhusu". Saa nane usiku mtu yuko mlangoni viatu mkononi anataka kwenda kwao na kumbe yuko kwao, mkewe hajalala vizuri wiki nzima, mratibu hata awe hodari vipi simu yake ikiishia kwenye "pole sana mama" hajaunganisha kitu. Anzeni na sehemu ya kumpokea mgonjwa hata kwa siku moja moja, kisha mratibu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ruhusa ya kutumia hela kidogo bila kusubiri sahihi tano. Kamati zitafuata.

Kwa hiyo rasimu ya mpango kama huu ikiletwa eneo lenu, ukurasa wa malengo ruka tu, nenda kwenye bajeti utafute mstari wa mapumziko ya walezi na saa za usiku, usipouona uliza hapo hapo kabla watu hawajapiga makofi.