Sikukumbatia Sabufa, Nilikumbatia Diski

Haya, naona jamaa yangu wa taa ameshatangulia kusambaza toleo lake kwenye magrupu. Eti kwenye ile sendofu ya Area D, hapa Dodoma, nilizidiwa na hisia, nikalikumbatia sabufa la DJ huku nalia. Mbukwenyi (ndiyo salamu ya Kigogo) nyote mliocheka. Sabufa sikuligusa. Machozi tutayafikia.

Wa kazi hii ya kupiga video mnajua ninavyofunga mitambo. Kamera inarekodi kwenye kadi yake kama kawaida, halafu waya wa HDMI unakwenda kwenye rekoda ya pembeni, ile inayomeza diski ya inchi 2.5, saizi ya laptopu. Sherehe ikiisha unachomoa diski, unaipachika kwenye kompyuta, unaanza kuhariri palepale. Habari za kukesha unahamisha mafaili hazipo. (Kabla hamjanijazia inboksi tena: hapana, huwezi kuchukua diski ya nje (eksteno) ya dukani ukaichomeka kwenye tundu la USB la kamkoda ikaanza kurekodi. Kwenye kamkoda nyingi tundu lile ni la kunakili vilivyokwisha kurekodiwa. Kamera zinazorekodi moja kwa moja kwa USB zipo, Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ni mojawapo, ila zimeundwa hivyo tangu kiwandani. Na ukitumia HDMI, ingia kwenye menyu uzime maandishi ya skrini, la sivyo bibi harusi ataoneshwa na alama ya betri juu ya kilemba.)

Diski yangu ilikuwa ya kuzunguka, GB 500, mizunguko 5400 kwa dakika. Nilirekodi kwa ProRes 422 HQ, muundo wa video wa ubora wa juu wenye mafaili mazito, 1080, fremu 25 kwa sekunde. Hiyo inakula megabiti 184 kwa sekunde, yaani megabaiti 23, kwa saa kama GB 83. Diski ya aina ile ikiwa tupu inaandika karibu megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hesabu za kwenye karatasi nilikuwa tajiri.

Sasa soketi. Za mbele zote zilishachukuliwa na kina mama wa chakula na taa za huyuhuyu mtangazaji wenu. Iliyobaki ilikuwa nyuma ya sabufa. Nikaweka kameza kangu kando, rekoda juu, adapta ikachomekwa kule nyuma. Baadaye mpambaji akataka kutandika zulia, akakasukuma kale kameza mpaka kakaegemea sabufa. Mimi jicho liko kwenye kamera.

Utambulisho ulipita salama. Keki ya wazazi ikapita salama. Kisha MC akaita mashangazi waingie na zawadi, na DJ akaachia amapiano.

Mnaijua ile besi, inaanzia tumboni ndipo ije masikioni. Pigo la kwanza: duara jekundu la kurekodi kwenye rekoda limetulia. Pigo la pili: shangazi wa mbele, beseni la vyombo kichwani, anageuka kuwapanga wenzake. Pigo la tatu: duara likapepesa. Pigo la nne: onyo la fremu zinaruka. Nikaweka kiganja juu ya rekoda, nikakuta inatetemeka mpaka skrubu zake.

Ngojeni niwaeleze kilichokuwa kinatokea humo ndani, maana jamaa wa taa hajui. Kichwa cha diski kinafuata njia nyembamba mno, mamia yake yanaenea ndani ya unene wa unywele mmoja. Kikitikiswa kikatoka njiani, diski inagoma kuandika isije ikaharibu data za njia ya jirani. Inasubiri sahani izunguke tena, kama milisekunde 11, ijaribu upya. Ikitikiswa tena, inasubiri tena. Ukiwa unahifadhi barua hutagundua kitu. Video haina subira: megabaiti 23 zinaingia kila sekunde, bafa (kumbukumbu ndogo ya kusubirishia data) inafurika, fremu zinamwagika. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizifokea diski za seva kwa mdomo wake tu, na ucheleweshaji ukapanda kwenye grafu. Huyo alikuwa mtu mmoja anapiga kelele. Mimi nilikuwa na sabufa la inchi 18.

Nikainyanyua rekoda. Waya wa HDMI mfupi, wa adapta mfupi zaidi, kwa hiyo mahali pekee nilipoweza kukaa ni kuchuchumaa kati ya stendi ya kamera na sabufa. Mikononi bado ikawa inatetemeka. Nikaibana tumboni. Kitambi hiki, ambacho mke wangu amekisimanga miaka yote, kikameza mtikisiko wote. Duara jekundu likatulia.

Maana yake nisingeweza kuiachia. Nikazungusha kamera kwa kidevu. Mashine ya moshi ya DJ ikawa inanitemea usoni, macho yakaanza kutiririka (hayo ndiyo machozi yenu). Na kijana wa kamera ya pili, inayolisha projekta, akaona hapo ndipo penye utamu, akanivuta karibu. Nikajiona kwenye skrini ya ukumbi, ukubwa wa ukuta: nimechuchumaa, nimekumbatia kitu, kidevu juu ya kamera, machozi mashavuni.

MC hakunionea huruma. "Jamani, hata mpiga video ameguswa! Mpeni tishu!"

Shangazi akatua beseni, akaja anacheza, akanifuta uso kwa khanga. Nyuma yake akafuata bibi aliyetoka Mvumi, akainama mpaka usawa wangu. Nikasema shikamoo. "Marahaba mjukuu wangu. Na wewe bado hujaoa?" Akanitunza elfu mbili, akaichomeka kati ya rekoda na tumbo. Ukumbi ukasimama kupiga vigelegele. Mashangazi wengine wakaanza kujipanga na noti zao.

Mengine mafupi. Kipande chenye mapengo nilikijazia kutoka kwenye kadi ya kamera, AVCHD (muundo uliobanwa zaidi) ya megabiti 24 kwa sekunde, na hakuna aliyegundua. Sasa natumia SSD ya inchi 2.5, unene milimita 7. Inaingia palepale pa diski ya zamani na haina kinachozunguka. Mliobaki na za kuzunguka, wekeni rekoda kwenye stendi yake yenyewe, juu ya sponji nene, mbali na spika. Na msidanganyike na kasi ya kwenye boksi: kilichoniangusha ni kule kukwama kidogo kidogo, maana kwa wastani diski ile ilikuwa na nguvu mara nne ya nilichohitaji.

Kamati imenilipa salio langu kwa sharti moja: kile kipande cha projekta kiwe cha kwanza kwenye flashi. Nimekipunguza sauti ya MC. Wamenirudishia, wanaitaka.