Riwaya ya usonji: kagueni miaka, andaeni ukumbi

Kuna habari ya mzazi ambaye malezi ya mwanawe mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano) yamezaa riwaya ya kihistoria; hongera kwake. Kazi ya namna hii huharibikia kwenye miaka. Daktari wa mwaka 1930 hawezi kumtajia mama usonji wa utotoni. Daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali hiyo mwaka 1943 tu. Kabla ya hapo mtoto angedhaniwa kiziwi kwa kuwa haitiki akiitwa, au angeitwa punguani na kufungiwa kwenye taasisi. Kisha ikaja zamu ya akina mama: miaka ya 1950 walilaumiwa kwamba ubaridi wao ndio chanzo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana hiyo kitabuni mwaka 1964. Mhusika mama wa kipindi hicho asiyebebeshwa lawama hiyo hataaminika hata kidogo.

Uzinduzi wa kitabu nao uandaliwe kwa ajili ya familia hizi. Tengeni chumba tulivu karibu na mlango, zimeni taa zinazomwekamweka, pimeni spika kabla watu hawajaingia, maana mlio wa ghafla wa maikrofoni unatosha kumtoa mtoto ukumbini. Badala ya makofi, watu wapunge mikono. Tumeni mapema ratiba pamoja na picha za ukumbi, na muifuate: mtoto aliyeambiwa shughuli inaanza saa nne akisubirishwa mgeni rasmi hadi saa tano, maandalizi yote ya mzazi yamekwenda bure.