Nembo kwenye jezi za magongo: mjomba kanuna, mimi sioni dhambi

Jumapili nilikuwa kwa mjomba, Nyakato hapa Mwanza, nikawasha simu tukawa tunaangalia vipande vya ligi ya magongo ya India, ile Hockey India League (HIL). Mjomba alicheza magongo shuleni miaka ya sabini na mpaka leo ukimpa gongo lazima alipime uzito kwanza. Dakika mbili hazijaisha kashaanza. Hii timu inaitwaje? JSW Soorma. JSW ndo nini? Kampuni ya chuma, mjomba. Na wale? Vedanta Kalinga Lancers, na Vedanta ni watu wa migodi. Akasukuma simu pembeni akasema basi, mchezo umekwisha, siku hizi wachezaji ni mabango yanayokimbia.

Sasa nisimwonee, maana ana pointi. Ukiangalia magongo ya barafu kule Marekani na Kanada, ligi yao kubwa, NHL, walikuwa wanalinda jezi kama sanda ya babu, halafu msimu wa 2022/23 wakaruhusu nembo ya mdhamini kifuani, inchi 3 kwa 3 na nusu, na Toronto Maple Leafs wakatokea wameandikwa Milk, yaani maziwa! (Msukuma gani atakataa maziwa lakini.) Msimu huohuo wakaleta na matangazo ya kidijitali kwenye kuta za uwanja, yanabadilika wakati mchezo unaendelea, na hapo kiukweli shabiki akilalamika namuelewa kabisa, jicho linafuata tangazo badala ya kufuata mchezo. Nembo kwenye jezi haikuzuii kuona goli, ukuta unaochezacheza unakuzuia.

Ila hili la kusema jina la kampuni linaua roho ya timu, mtu wa Mwanza atalisema kwa mdomo gani? Sisi timu yetu kongwe inaitwa Pamba. Pamba! Imezaliwa na taasisi za zao la pamba, wazee wakaipenda mpaka wakaita TP Lindanda, na sijawahi kusikia mtu uwanjani Kirumba anasema jina lile ni tangazo. Mbao, timu nyingine ya hapa, nao jina linajieleza. Mjomba mwenyewe anaishabikia Pamba tangu kijana, leo anamshangaa mtu wa Punjab kule India kushabikia timu yenye jina la kiwanda cha chuma.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa nchi zenye hela hawalioni, kwamba magongo bila mdhamini yanakuwaje. Tangu Olimpiki ya Montreal 1976 mchezo ulihamia nyasi bandia, na zile za mechi kubwa zinamwagiwa maji kabla ya kucheza ili mpira uteleze vizuri. Hiyo ni hela ndefu, na nchi iliyobaki kwenye udongo inabaki na mchezo mwingine kabisa, mpira unadunda, mkono unajifunza vitu ambavyo kwenye nyasi bandia havina kazi. Sisi tulionja. Moscow 1980 nchi nyingi ziligoma, Tanzania tukaenda kucheza magongo Olimpiki, India wakatufunga 18 kwa 0, tukamaliza wa sita kati ya timu sita. Mjomba anaikumbuka ile 18 kama deni.

Lakini angalia na hao waliotufunga. Walichukua dhahabu palepale Moscow, dhahabu yao ya nane, halafu wakakaa miaka 41 bila medali yoyote ya Olimpiki ya magongo ya wanaume, mpaka shaba ya Tokyo mwaka 2021. Miaka 41! Mtoto aliyezaliwa siku ile ana wajukuu huku kwetu. Katikati hapo, 2018, mdhamini wao, kampuni ya Sahara, aliondoka, na aliyejitokeza kubeba timu ya taifa ni serikali ya jimbo la Odisha, jina lake likakaa kifuani, na Kombe la Dunia la wanaume la 2018 na la 2023 yakachezwa kwao. Baadaye tena shaba ya Paris 2024. Sisemi nembo ndo ilifunga magoli, kuna makocha na vijana waliosota, ila vijana hawasoti hewani, kuna mtu analipa kambi.

Hofu yangu iko kwingine, na hii ndo inaninyima usingizi kuliko rangi ya jezi. Hiyo HIL ilianza 2013 na majina ya makampuni, shamrashamra, mastaa wa Uholanzi na Australia, halafu baada ya msimu wa 2017 ikazimika, kimya, mpaka mwisho wa 2024 ndo ikarudi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 ndo anaibuka, ligi inarudi ana 27, miaka yake ya kulipwa imepita. Na huku kwetu Pamba hivyohivyo, ilishuka 2001 ikaja kupanda ligi kuu 2024, chini ya jiji safari hii.

Hata shuleni kwetu, tulicheza kwenye kiwanja cha vumbi, magongo kumi na moja hayakutosha timu mbili, anayetoka anamwachia anayeingia. Kampuni moja ya hapa mjini, jina naliacha, ikaahidi jezi na vifaa vya misimu mitatu. Ikaleta jezi, ikapiga picha, hatukuiona tena. Tulizivaa mpaka nembo ikafutika kwa jua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekasirikia nembo, tulikasirikia miaka miwili iliyobaki.

Kwa hiyo nikamuuliza mjomba, wafanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni wakisema leo wanadhamini timu ya magongo Mwanza, kifuani imeandikwa DAGAA herufi kubwa, angevaa? Akanyamaza, akachukua simu yangu, akairudisha video mwanzo. Halafu akauliza, mkataba wa miaka mingapi?